Wembe ukikata rangi, nani analipa?

Mtu akiagiza gari Japani siku hizi, kabla meli haijatia nanga Dar es Salaam ameshaambiwa habari za ile filamu angavu inayobandikwa juu ya rangi ili mawe ya barabarani yasiichubue. Wenyewe wanaiita PPF. Sisi wa umri fulani tukisikia herufi hizo bado tunauwaza ule mfuko wa pensheni uliounganishwa na mingine mwaka 2018, lakini hilo tuliache. Swali linalofuata ni lilelile, na nimeulizwa na majirani hapa Mbezi, na watoto wa marafiki zangu, hata na mchungaji wetu baada ya ibada: ninunue roli nibandike mwenyewe, au niwape mafundi?

Mimi hujibu kwa swali jingine. Wembe ukiteleza ukakata rangi, nani analipa?

Nimestaafu kazi ya kukadiria hasara za magari kwa ajili ya kampuni za bima. Ujana wangu wote uliishia kwenye gereji za Gerezani, Keko na Buguruni, kalamu sikioni, kipimo cha unene wa rangi mkononi, nikibishana na watu juu ya nani anapaswa kubeba gharama ya nini. Kazi hiyo ina ugonjwa wake. Mtu akinitajia bei, kabla sijasikia kiasi nasikia kwanza hatari imekaa upande gani. Kwenye hii filamu naona watu wengi wanapiga hesabu nusu. Wanachukua bei ya fundi, wanatoa bei ya roli, kinachobaki wanakiita akiba. Boneti yenyewe, ambayo ndiyo inayolazwa mezani kufanyiwa upasuaji, haimo kwenye hesabu.

Tuanze na kitu chenyewe. Filamu nzuri ni poliyurethani, aina inayolainika kwa joto na kuvutika kama mpira. Unene wake ni mikroni 150 hadi 200. Asili yake ni jeshini: wakati wa Vita vya Vietnam Wamarekani walihitaji kitu chepesi cha kulinda mapangaboi ya helikopta yasiliwe na mchanga na changarawe. Baadaye magari ya mashindano yakaichukua, kisha ya matajiri, na sasa imefika kwetu. Upande wa chini ina gundi, upande wa juu ina tabaka jembamba ambalo likipata joto la jua mikwaruzo midogo inajifunga yenyewe. Hilo ni kweli, si maneno ya muuzaji. Na chini ya filamu hiyo kuna rangi ya kiwandani ambayo yote kwa pamoja, kuanzia tabaka la kuzuia kutu hadi klia ya juu, kwa kawaida haizidi mikroni 150. Klia peke yake ni 40 au 50. Kwa maneno mengine, kinacholinda ni kinene kuliko kinacholindwa, na kinachokata kile kinene kikizidisha nguvu kidogo tu kimeshafika kwenye chembamba.

Inafaa nini? Barabara ya Morogoro inatosha kueleza. Ukishatoka Kibaha uko nyuma ya malori ya Zambia na Kongo hadi Chalinze na kuendelea, na kila lori lina kokoto zake. Ninakwenda shamba Mvomero mara kwa mara, na tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024 mke wangu haachi kuniuliza kwa nini bado naendesha. Boneti, bampa ya mbele, madigadi za mbele, migongo ya saiti mira na sehemu za chini nyuma ya magurudumu: hapo ndipo mawe yanapotua. Sehemu nyingine zinaliwa na sisi wenyewe. Kucha nyuma ya kitasa. Ukingo wa mlango kwenye ukuta wa maegesho. Ukingo wa buti pale tunapoburuzia gunia la mkaa. Lakini filamu haizuii bodaboda. Ikigonga imegonga.

Sasa, kuna kazi ambayo mtu yeyote mwenye mikono inayotulia anaweza kuifanya mwenyewe, na ninamshangaa anayelipia. Ni hizo sehemu ndogo: vikombe vya nyuma ya vitasa, kingo za milango, ukingo wa buti, taa za mbele. Kipande ni kidogo, ukikiharibu unakitupa unakata kingine. Kinakatwa mezani, mbali na gari, kwa hiyo wembe hauna pa kuleta madhara. Mpwa wangu alinijia na Mazda yake, CX-5 ya mwaka 2017, amekwisha kutazama video zote za duniani. "Mjomba," akaniambia, "ni maji na shampuu tu." Nikamwambia aanze na kitasa kimoja.

Na ni kweli kwamba ni maji na shampuu. Matone machache ya shampuu ya watoto kwenye chupa ya kupulizia, unalowanisha rangi, unalowanisha upande wa gundi, filamu inaelea, unaisogeza hadi ikae sawa. Kisha unasukuma maji yatoke kwa kipande cha raba, kuanzia katikati kwenda nje. Kingo zikikataa kushika, unatumia chupa ya pili yenye maji na spiriti kidogo, kama sehemu moja kwa tisa, gundi inauma. Spiriti yenyewe iwe isopropili ya famasi, isiyo na rangi wala harufu ya ziada.

Ambacho video zile hazisemi, kwa sababu waliozirekodi hawakai Mbezi, ni maji. Huku kwetu watu wengi tunatumia kisima, na maji ya kisima ya pwani yana chumvi. Ukiyatumia, maji yanakauka chini ya filamu, chumvi inabaki, na baada ya wiki chache unaona madoa ya ukungu mweupe ambayo huwezi kuyafuta kwa kuwa yako ndani. Tumieni maji ya chupa, yale ya kunywa. Kazi ya vitasa vinne haimalizi hata lita mbili. Jambo la pili ni saa. Hapa Dar es Salaam mwezi wa kwanza, saa sita mchana, bati la gari hata kivulini linachemka, na gundi inashika kabla hujasogeza chochote. Mpwa wangu alianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari likiwa limelala ndani ya banda, na hadi wakati wa chai alikuwa amemaliza milango yote minne na ukingo wa buti. Kazi nzuri. Kulikuwa na kapovu kamoja mlango wa nyuma, na vipovu vya maji huwa vinakauka vyenyewe kwa siku kadhaa. Cha hewa ndicho hakiondoki.

Hapo ndipo kijana anapopata kiburi na kuitazama boneti.

Boneti inaonekana rahisi kwa sababu ni pana. Kwa kweli upana ndio ugumu wake. Unahitaji watu wawili kushika kipande kikubwa kuliko shuka ya kitanda, kimefunuliwa gundi yote, na kila punje ya vumbi iliyomo hewani inakitafuta. Kipande kimoja cha uzi wa nguo kikinaswa, kinaonekana kila siku utakayolitazama gari lako chini ya jua. Chumba kilichofungwa, sakafu imelowanishwa, feni imezimwa, ni nusu ya kazi nzima. Nimeona mtu anabandika chini ya mwembe upepo wa kaskazi ukivuma. Mwembe unaangusha vitu vyake, upepo unaleta vya jirani. Bampa ni ngumu zaidi, kwa sababu imepinda pande mbili kwa wakati mmoja. Filamu lazima ivutwe, na ikivutwa kupita kiasi inabaki na michirizi kama ngozi iliyotanuka. Ikivutwa pungufu inakunjamana kwenye kona. Hilo halifundishwi kwa video. Linafundishwa kwa kuharibu mita nyingi za filamu ya mtu mwingine.

Halafu kuna wembe. Kipande kikishakaa lazima kikatwe kifuate ukingo, na njia ya haraka ni kukikatia palepale juu ya gari. Mkono mzuri unakata filamu tu. Mkono wa kawaida unapita kwenye klia, mara nyingine unafika hadi kwenye bati. Siku ya kwanza huoni kitu, kwa sababu filamu yenyewe inaficha. Hewa ya pwani ndiyo inayofichua. Mwaka mmoja, miwili, unatokea mstari mwembamba wa kahawia kwenye ukingo wa boneti, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Nimeitwa kukagua magari ya namna hiyo, mwenye gari anadai ni ajali. Kokoto haijui kuchora mstari ulionyooka.

Wapo watakaosema basi hoja imekwisha, mpeni fundi. Ngoja kwanza. Mafundi wengi wanaobandika filamu hizi mjini walikuwa, na bado ni, mafundi wa tinti. Ninawaheshimu. Fundi wa tinti anajua maji, anajua raba, anajua kupasha moto plastiki ikae kwenye kioo kilichopinda. Lakini miaka yote hiyo amekuwa akikatia juu ya kioo, na kioo kinausamehe wembe. Mkono uliozoea kubonyeza juu ya kioo unabonyeza vilevile juu ya klia ya mikroni 40, na wala haujui. Kwa hiyo mtu kuwa na miaka kumi kwenye tinti hakunipi usingizi. Ninauliza anakataje.

Majibu yenye maana ni mawili. Moja ni plota, mashine inayokata vipande kwa kufuata michoro ya kila aina ya gari, hivyo filamu inafika kwenye gari ikiwa imekatwa tayari. Tatizo ni kwamba michoro hiyo hutengenezwa zaidi kwa magari yanayouzwa Marekani na Ulaya. Sisi tunaendesha Passo, Ractis, Spacio, magari ambayo Mmarekani hajawahi kuyaona kwenye duka la Toyota. IST ya kwanza ilifika kwao, lakini iliitwa Scion xA, kwa hiyo fundi asiyejua hilo atatafuta mchoro wa IST hadi jioni. Jibu la pili ni uzi maalumu wa kukatia: unabandikwa chini ya filamu kufuata ukingo, kisha unavutwa, nao unakata kutoka chini kwenda juu bila wembe kugusa rangi. Fundi anayenionyesha uzi huo kabla sijamaliza kuuliza, huyo tunaweza kuongea. Anayesema "mzee wangu, mimi sikosei", nashukuru kwa chai naondoka.

Jambo la rangi iliyopakwa upya ndilo wananchi wanalolipuuza kuliko yote, na ni kubwa. Filamu inashika vizuri, na siku moja itabanduliwa, kwa kuwa imechoka au imegeuka njano. Ikibanduliwa juu ya rangi ya kiwandani, kwa kupashwa moto polepole, inatoka yenyewe. Juu ya rangi iliyopulizwa gereji, juu ya pati, inaweza kutoka na klia, na chini yake ukaona kila kitu ambacho muuzaji hakukuambia. Hata rangi ya kiwandani si zote: Toyota huko Marekani iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari yake yenye rangi nyeupe, namba 040 na 070, kwa sababu zilikuwa zinabanduka zenyewe bila kubandikwa kitu. Na weupe huo umejaa barabara zetu.

Kwa hiyo kabla ya kuamua nani abandike, jua kilicho chini. Gari la Japani lililopita mnadani lina karatasi ya ukaguzi, na karatasi hiyo ina mchoro wa gari wenye alama. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, XX ni kipande kilichobadilishwa, na W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, ikifuatwa na namba inayoonyesha kazi hiyo inaonekana kiasi gani. Watu wanaitafuta karatasi hiyo ili wajue kilometa, kisha wanaitupa kwenye droo. Itoeni. Kama hamna, kipimo cha rangi kinasema: bati lenye rangi ya kiwandani litakupa mikroni 100 na kitu, lililopakwa tena litakupa 250 au 300, lenye pati linapanda hadi 500, 800, na zaidi. Bampa haipimiki kwa kipimo cha kawaida kwa kuwa ni plastiki. Na ukumbuke, mkaguzi wa kesho akipima juu ya filamu yako atapata mikroni zaidi ya 250 na atakushuku bure, kwa hiyo mwambie mapema kwamba limebandikwa.

Sasa turudi kwa nani analipa, maana watu husikia neno dhamana wakapumzika. Dhamana ya mtengenezaji wa filamu, hata ile ya miaka kumi, kwa kawaida inahusu filamu: isigeuke njano, isipasuke, isitoe mapovu yenyewe. Mara nyingi inataka iwe imebandikwa na fundi anayetambuliwa naye, kwa hiyo ukibandika mwenyewe imekufa siku hiyohiyo. Lakini hata ukibandikiwa, rangi iliyokatwa si filamu. Hiyo ni juu ya fundi, na fundi huyo amekuahidi kwa mdomo, chini ya mti, bila risiti ya EFD. Hapo umelipa bei ya fundi na hatari umebaki nayo wewe. Hiyo ndiyo biashara mbaya kuliko zote. Heri kubandika mwenyewe ukajua hasara ni yako, kuliko kumlipa mtu mamilioni ili hasara iwe yako vilevile.

Ninachotaka kwenye karatasi si kingi. Jina la filamu na namba ya roli, na roli lifunguliwe mbele yangu. Kipande cha filamu hiyo nipewe mkononi nikivute: poliyurethani inarudi, plastiki ya bei rahisi ya PVC inabaki imevutika au inageuka nyeupe. Nikikikwaruza na kukimwagia maji ya moto, mikwaruzo midogo ipotee. Roli zinazoandikwa jina moja nje na kuwa kitu kingine ndani zipo, na PVC kwenye jua letu haikawii kuwa na rangi ya chai. Kisha sentensi moja: ikikatwa au kuharibika rangi wakati wa kubandika, duka litaipaka kwa gharama yake kwenye gereji tutakayokubaliana. Saini, muhuri, risiti. Fundi anayejiamini haogopi sentensi hiyo. Anayeiogopa ameshakujibu.

Wengi wananiambia, mzee, unatuzungusha, tuambie tu bei. Sawa. Huko Marekani gari zima linavuka dola 5,000. Hapa linahesabiwa kwa mamilioni ya shilingi pia, na roli moja la upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 15 ndilo linaloenea gari la wastani. Sasa linganisha na kupuliza boneti moja kwa fundi mzuri wa mtaani, ambako unaongelea laki na kitu. Kwa Premio nyeupe ya mwaka 2005, au IST ya kazi ya teksi, sioni hesabu inayokubali. Usibandike, wala usimlipe mtu abandike. Acha mawe yafanye kazi yake, na miaka mitatu baadaye puliza boneti. Nyeupe 040 kila fundi anaichanganya akiwa amefumba macho, na hakuna atakayegundua ila mtu mwenye kipimo kama mimi. Filamu kwenye gari la namna hiyo ni mapambo, na mapambo si dhambi, ila tusiyaite akiba.

Mazda ya mpwa wangu ni kesi nyingine, na ndiyo maana sikumcheka. Ni ile nyekundu ya 46V, iliyotoka na CX-5 mpya ya mwaka huohuo. Rangi hiyo inapatikana kwa tabaka juu ya tabaka, lile la katikati likipitisha mwanga hadi lile la chini linalouakisi. Ukipuliza boneti peke yake kwa fundi wa kawaida, itakuwa nyekundu, ndiyo, lakini nyekundu nyingine, na ukisimama pembeni jioni utaona mlango na boneti si ndugu. Kuipata sawa inabidi rangi mpya ifuatishwe hadi kwenye vipande vya jirani, na gharama inapanda. Na soko letu linaogopa gari lililopigwa rangi. Tangazo likiandika "rangi ya kampuni" bei inasimama, mnunuzi akiona tofauti anawaza ajali hata kama ilikuwa kokoto ya Chalinze. Kwa rangi kama hiyo kulinda kilichopo kuna faida halisi, na kwa kuwa kukiharibu ni ghali, ndipo penye sababu ya kumlipa mtu anayekubali kubeba uharibifu. Land Cruiser mpya, vivyo hivyo. Si kwa sababu mwenye nalo ni tajiri, bali kwa kuwa kinachowekwa chini ya wembe kina thamani ambayo huwezi kuirudisha kwa laki na nusu.

Kuna kitu kimoja cha bima niseme kabla sijasahau, kwa kuwa ndicho nilichokisemea kwenye gereji hadi koo likakauka. Bima kubwa hailipi vidoti vya mawe. Huo ni uchakavu. Na bampa yako yenye filamu ikivunjwa, kampuni itakulipa bampa na rangi. Filamu ni nyongeza, na nyongeza ambayo hukuitaja na kuiongezea thamani wakati wa kukata bima haipo. Nimeona watu wazima wakilia kwa hasira juu ya hilo. Pelekeni ile risiti ya EFD kwa wakala wenu wiki hiyohiyo.

Na wale vijana wa kuosha magari wenye mashine ya presha. Nani amebandika haiwahusu. Wakishikilia mdomo wa bomba kidole kimoja kutoka ukingoni, filamu inanyanyuka, maji yanaingia, vumbi linafuata. Wiki ya kwanza gari lisioshwe kabisa. Baada ya hapo waambieni wasimame mbali.

Tulizunguka na mpwa wangu maduka kadhaa. La kwanza walicheka waliposikia sentensi yangu. La pili walisema "tutaangalia", na mimi najua "tutaangalia" huwa inaangaliwa na nani. La tatu, kijana mmoja mtaratibu, alinisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani akatoka na uzi wa kukatia na kipimo cha rangi chake mwenyewe, kizuri kuliko changu. Akasema, "Mzee, nasaini, lakini nami nina sentensi yangu. Rangi ikiwa si ya kiwandani, siku ya kubandua simo." Nikamwambia hiyo ni haki. Tukapima pamoja. Boneti 115, madigadi ya kulia 118, ya kushoto 290. Mpwa wangu alikuwa na karatasi ya mnada kwenye simu na hakuwahi kuikuza picha. Akaikuza. Madigadi ya kushoto, W2.

Boneti, bampa, saiti mira na madigadi ya kulia vikaandikwa chini ya sentensi yangu. Madigadi ya kushoto ikaandikwa peke yake, chini ya sentensi ya fundi, na mpwa wangu akaweka saini yake pembeni. Mimi nilishauri iachwe wazi. Yeye alitaka pande mbili zifanane. Gari ni lake, na safari hii alijua anasaini nini.